Kilichoshuka ni Nini? Uhakiki wa Maelezo juu ya Ufaulu wa Kidato cha Nne

Mwezi Februari 2013 matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne uliofanywa mwaka 2012 yalipotangazwa, nchi nzima ilishika tama. Kati ya watahiniwa wa shule, waliofaulu walikuwa asilimia 34.5 tu, na vijana zaidi ya 240,000 walipata daraja sifuri. Mwaka 2007, yaani miaka mitano tu nyuma, katika kila watahiniwa mia moja kama tisini walikuwa wamefaulu. Tangu hapo maelezo mengi yametolewa, mengine Bungeni, mengine vijiweni, mengine katika vikao vyetu wenyewe vya Chama. Maelezo hayo yanaendelea kurudiwa hata baada ya asilimia kupanda tena hadi 92.37 katika mtihani wa mwaka 2024.

Kazi yetu katika makala hii ni kuyahakiki maelezo hayo. Hatumtafuti mchawi. Tunataka kada na mwanafunzi ajue kuisoma tarakimu kabla ya kuitetea au kuilaani, maana mtihani huu ndio mlango wa kidato cha tano, wa vyuo vya ualimu na uganga, na hatimaye wa Chuo Kikuu. Anayeushika mlango huo anagawa madaraka ya kesho katika nchi. Kwa hiyo swali la nani anapita na kwa nini ni swali la siasa, wala si la wataalamu wa mitihani peke yao.

Tunaandika tukiwa Manyoni, na ni vema msomaji ajue tunaitazama nchi kutoka wapi. Manyoni ni njiapanda ya reli. Hapo ndipo njia ya kwenda Singida inapochepuka kutoka Reli ya Kati. Ni nchi ya Wagogo hasa, pamoja na Wanyaturu, Wataturu, Wakimbu na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Mvua ni chache, mtama na uwele ndicho chakula, alizeti ndiyo fedha, na kutoka kijiji hadi kijiji mara nyingi ni mwendo wa pori. Katika nchi ya namna hii, kwa miaka mingi sekondari ilikuwa jambo la mtoto mmoja mmoja. Aliyechaguliwa alifunga tranka lake, akapanda gari moshi, akaenda kusoma mbali. Wenzake wote walirudi kwenye ng'ombe na majembe. Hali hiyo ilibadilishwa na agizo la mwaka 2006 la Serikali ya Awamu ya Nne, lililosimamiwa kwa mkono mzito na Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Edward Lowassa, kwamba kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walifyatua matofali, wakasomba mchanga na maji, wakachangishwa fedha. Kwa nchi nzima idadi ya wanafunzi wa sekondari iliruka kutoka kama 524,000 mwaka 2005 hadi zaidi ya 1,600,000 mwaka 2010. Asiyeukumbuka ukweli huu hawezi kusema lolote la maana juu ya kushuka kwa ufaulu.

Maelezo ya kwanza tutayapita haraka, maana hayastahili kukaliwa kikao. Ni yale yanayosema kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu, wamepumbazwa na simu, televisheni na muziki. Mwaka 2012 vijiji vingi vya Manyoni havikuwa na umeme. Mtoto anayeamka alfajiri, akatembea kilomita nane hadi shuleni bila kutia kitu tumboni, akarudi jioni kuchota maji na kuzizi mifugo, kumwita mvivu ni kumtukana. Aidha, uvivu ni tabia. Haiwezekani tabia ya vijana laki tatu na zaidi wa mikoa yote ibadilike kwa pamoja katika miaka mitano. Maelezo haya yanapendwa kwa sababu hayamgharimu mtu chochote. Anayeyatoa hajengi nyumba ya mwalimu.

Maelezo ya pili yana uzito, nayo yanatoka kwa watu makini. Yanasema kwamba ufaulu haukushuka kwa sababu elimu ilishuka; ulishuka kwa sababu mlango ulifunguliwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Katika tarafa moja walikuwa wanafanya mtihani vijana 40 waliochujwa sana, na 36 kati yao wanafaulu. Hiyo ni asilimia 90. Mlango ukafunguliwa, wakaongezeka wengine 120 ambao zamani wasingeiona sekondari, na 48 kati yao wakafaulu. Sasa waliofaulu ni 84 kati ya 160, yaani asilimia 52.5. Asilimia imeporomoka, lakini tarafa imepata vijana 84 waliofaulu badala ya 36. Nani amepata hasara hapo? Hakuna hata mmoja.

Hoja hii si ya kwetu peke yetu. Marekani, nchi tajiri ya kibepari yenye shule zisizokosa madawati, nayo ilipata mtikisiko wa aina hii. Mtihani wao wa kuingilia vyuo, uitwao SAT, ulianza kuonyesha wastani unaoshuka kuanzia mwaka 1963. Wakati huo wastani wa sehemu ya lugha ulikuwa 478. Mwaka 1977 ukawa 429. Wa hesabu ulitoka 502 ukafika 470. Likaundwa jopo lililoongozwa na Willard Wirtz, aliyepata kuwa Waziri wa Kazi chini ya Kennedy na Johnson, nalo likatoa taarifa yake mwaka 1977. Jopo lilikuta kwamba hadi karibu mwaka 1970 sehemu kubwa ya mshuko huo ilitokana na mabadiliko ya watahiniwa wenyewe: watoto wa maskini, Wamarekani Weusi na wanawake waliingia kwa wingi katika chumba cha mtihani ambacho zamani kilikuwa cha wachache. Lakini baada ya 1970 umati huo ulikuwa umeshatulia, na bado wastani uliendelea kuanguka. Kwa kipindi hicho cha pili hoja ya mlango haikutosha, ikabidi jopo liwatazame walimu, vitabu, masomo yaliyolegezwa, familia na misukosuko ya nchi.

Tunaukopa utaratibu huo wa kugawa vipindi, kwa sababu ni silaha nzuri. Wengi wetu tukishapata sababu moja ya kweli tunaifanya ijibu kila kitu.

Basi tuipime hoja ya mlango kwa tarakimu zetu wenyewe. Mwaka 2009 waliofaulu walikuwa asilimia 72.5. Mwaka 2010 waliofanya mtihani kutoka mashuleni walikuwa kama 351,000, na waliofaulu wakashuka hadi asilimia 50.4. Hapa hoja ya mlango inasimama imara, tena kwa namna mbili. Waliofanya mtihani mwaka huo walikuwa matunda ya shule za kata zilizofunguliwa kwa kishindo. Na hao hao ndio waliokuwa kidato cha pili mwaka 2008, Serikali ilipoondoa sharti la anayefeli mtihani wa Kidato cha Pili kukariri darasa. Chujio la kuingia lilikuwa limepanuliwa, na chujio la katikati likaondolewa kabisa. Sharti hilo lilirudishwa mwaka 2012.

Lakini tazama mwaka uliofuata. Mwaka 2011 watahiniwa wa shule hawakuongezeka. Walipungua wakawa kama 336,000. Waliofaulu walipanda kidogo, wakafika asilimia 53.6. Wapo waliopumua, wakasema kwamba sasa tumetia breki. Ila waliopata daraja la kwanza hadi la tatu, ambao mwaka 2010 walikuwa kama 40,000, mwaka 2011 walikuwa zaidi kidogo ya 33,000. Ndugu msomaji, isome tena sentensi hiyo. Asilimia ya kufaulu imepanda, na papo hapo vijana wenye daraja la maana wamepungua kwa maelfu. Ongezeko la wanyonge katika chumba cha mtihani linaweza kushusha asilimia, lakini haliwezi kumnyang'anya daraja la pili kijana ambaye angelipata. Maksi zake hazigawanywi na za jirani. Akilikosa, yeye mwenyewe kuna kitu amenyimwa.

Kitu hicho ni mwalimu. Mlango ulipofunguliwa wanafunzi waliongezeka mara tatu. Walimu wa Fizikia, Kemia na Hisabati hawakuongezeka hivyo, wala hawaongezeki kwa agizo la mkuu wa wilaya. Walichukuliwa waliokuwapo wakatawanywa. Chumvi iliyokuwa inatosha sufuria moja ikatiwa katika tatu. Pengo lililobaki likazibwa na vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya mwezi mmoja tu, wakapelekwa madarasani. Wananchi wakawabandika jina la vodafasta, wakiwafananisha na huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Lilikuwa jina la dhihaka, lakini kama uchambuzi wa kisiasa lilizidi taarifa nyingi za ofisini. Hatuwalaumu vijana wale. Wengi walifundisha kwa moyo katika mahali ambapo mwenye shahada aliripoti, akaangalia pori, akauliza siku ya gari moshi la kurudi.

Wala hili halikuwa jambo geni kwa Chama chetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, kabla ya muda uliopangwa awali, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini huku wakishika chaki. Kila mtoto aliingia darasani. Lilikuwa jambo kubwa la kihistoria na hatutaliombea radhi. Lakini somo la pili la Musoma, kwamba wingi wa madarasa hauzai wingi wa walimu, lilikuwa limeshaandikwa kwa jasho la wale vijana miaka thelathini kabla ya shule za kata. Umangimeza una tabia ya kuyakumbuka maazimio na kuyasahau mafunzo yake.

Tuje sasa kwenye maelezo ya tatu, yale ya kipimo. Baada ya kilio cha Februari 2013 Serikali iliunda Tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome. Ilibainika kwamba katika kusahihisha mtihani wa 2012 Baraza la Mitihani lilikuwa limetumia utaratibu mpya wa viwango vya alama visivyobadilika, tofauti na ule wa miaka iliyotangulia. Mwezi Mei 2013 Serikali iliamua matokeo yafutwe na yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Yalipotoka tena, waliofaulu walikuwa asilimia 43.08. Wenye sifuri walikuwa wamepungua kwa vijana kama 30,000. Maana yake ni kwamba kijana wa Kintinku au Chikuyu aliweza kulala na sifuri akaamka na daraja la nne, bila kujifunza herufi moja zaidi usiku ule.

Hatusemi kwamba uamuzi ule ulikuwa ulaghai. Huwezi kuwapima watoto kwa pishi ya jana na ya leo kisha ukasema wa leo wana njaa zaidi. Kurudisha pishi ile ile ilikuwa haki. Tunachosema ni kwamba aliyesherehekea ile tofauti ya asilimia nane na zaidi alikuwa anasherehekea pishi. Na pishi haikutulia hapo. Mwaka 2014 madaraja yalibadilishwa yakawa ya wastani wa pointi, yaani GPA. Januari 2016 Waziri mpya, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye ndiye aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza katika mtihani ule wa 2012, akaagiza turudi kwenye madaraja ya zamani. Marekani nao, baada ya miongo mitatu ya kulalamikia wastani wao, waliipanga upya ngazi ya alama za SAT mwaka 1995, na wastani ukarudi karibu na 500 kama ulivyokusudiwa tangu mwanzo. Watoto walikuwa wale wale.

Kwa hiyo tunaposomewa asilimia 92.37 ya mwaka 2024, hapana budi tuulize kufaulu ni kufanya nini. Kwa utaratibu uliopo, kijana mwenye D mbili na F tano katika masomo yake saba ana pointi 33, na pointi 33 ni daraja la nne. Amefaulu. D yenyewe huanzia alama 30. Anaweza kuipata moja katika Kiswahili na nyingine katika Uraia, na hatumbezi kwa hilo. Ila katika mtihani huo huo wa 2024 waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya waliofanya. Asilimia 92 na asilimia 25 zimetoka katika chumba kimoja, zikiwa mikononi mwa watoto wale wale. Ya kwanza hupigiwa makofi mkutanoni, ya pili hufungiwa kabatini. Kada anayeijua ya kwanza peke yake hajui kitu juu ya elimu ya wilaya yake.

Limebaki jambo moja ambalo maelezo yote matatu hulikwepa, nalo ni lugha. Mtoto wa Manyoni huanza dunia yake kwa Kigogo au Kinyaturu. Akiingia darasa la kwanza anapokea Kiswahili, na kwa miaka saba anajifunza hesabu, sayansi na historia kwa lugha hiyo, ambayo kwa kweli huwa yake. Januari ya kidato cha kwanza, siku moja, karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Mwalimu naye, aliyepita njia ile ile, anaeleza kwa Kiswahili akitupa jicho mlangoni, kisha anaandika ubaoni kwa Kiingereza ili kinakiliwe. Miaka minne baadaye mtoto huyo anaulizwa mmomonyoko wa udongo ni nini. Anaujua. Ameuona ukila shamba la mama yake. Lakini swali limemjia katika vazi asilolitambua, naye anaacha nafasi wazi. Msahihishaji anaandika sifuri. Sifuri hiyo imepima nini, kutojua jibu au kutojua swali?

Jambo hili nalo lilionekana zamani. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985. Halikutekelezwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikiruhusu Kiswahili kufundishia katika ngazi zote, lakini darasa la sekondari limebaki kwa Kiingereza. Watetezi wa hali hiyo husema kwamba wazazi wenyewe wanakitaka Kiingereza. Ni kweli wanakitaka, kama wanavyotaka maji safi. Wala kumfundisha mtoto Fizikia kwa lugha asiyoielewa hakumpi Kiingereza wala Fizikia. Anayekipata kweli ni mtoto wa mwenye nacho, aliyelipiwa shule ya Kiingereza tangu chekechea. Katika chumba cha mtihani huyo na mtoto wa mkulima wa Sanza hupewa karatasi moja na saa zile zile, na usawa huo wa karatasi huitwa haki. Viongozi wengi wanaozisifu shule za kata majukwaani hawapeleki watoto wao huko. Hii ndiyo sura ya kitabaka ya mtihani, na hakuna asilimia inayoionyesha.

Wapo wanaotoa dawa fupi: tupunguze wanaoingia sekondari, tubaki na wenye uwezo, ufaulu utapanda. Bila shaka utapanda. Ulikuwa asilimia 90 wakati mlango ulipokuwa mwembamba, na vijiji vyetu vilikuwa gizani. Hao wenye uwezo ni watoto wa akina nani, huwa hawasemi. Azimio la Musoma lilijaribu njia nyingine ya kulijibu swali la mlango: aingiaye Chuo Kikuu awe ameshafanya kazi kwanza, tena alete pendekezo la Chama na la mahali pake pa kazi. Utaratibu ule ulikuwa na fikra nzito kwamba maksi si mtu mzima. Ila haukupita bila madhara, maana idadi ya wanawake ilianguka na ndani ya miaka michache wakaondolewa sharti hilo. Tunautaja si kwa kutamani urudi, bali kuonyesha kwamba kila kipimo, cha maksi au cha pendekezo, kina watu kinaowaacha nje kimyakimya, na kazi ya Chama ni kuuliza majina yao.

Na swali hilo linatukaribia kwa kasi. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu, lililozinduliwa Februari 2025, limeweka elimu ya lazima ya miaka kumi na kuifanya elimu ya msingi miaka sita. Kwa utaratibu uliotangazwa, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 mikondo hiyo miwili itaingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Mlango utafunguliwa kuliko wakati wowote katika historia ya nchi hii, na katika Manyoni mtoto wa mchungaji wa Heka atakaa dawati moja na mtoto wa mhasibu wa mjini. Asilimia ikishuka baada ya hapo, waliozoea hoja ya mlango watakuwa nayo mkononi siku ile ile ya kutangazwa matokeo. Ndiyo maana orodha ya walimu wa Hisabati na Fizikia kwa kila kata, na idadi ya nyumba zao zilizoezekwa, inafaa isomwe katika Kamati ya Siasa ya Wilaya sasa, wakati watoto hao bado wako shule ya msingi na bado wanafundishwa kwa lugha wanayoielewa.